Tundu Kwenye Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mjane akipendwa, ndugu humtafutia kasoro kwanza yule mwanamume. Wakiikosa, humgeukia mjane mwenyewe. Kwa Fundi Miwani ndugu zangu walitafuta wiki sita nzima wasiambulie kitu, mpaka Alhamisi ile kasoro nilipoiokota mimi, kwa mikono yangu, juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Duka langu na lake ni vyumba viwili vya jengo moja, na kinachotutenga ni ukuta wa mbao. Mimi nashona. Kwa kuwa wateja wangu wengi huleta nguo za kupunguza na kukunja chini, wameniita Mama Pindo hata jina nililopewa na wazazi nalisikia siku za kuandikishwa tu. Yeye hupima macho na kusaga vioo vya miwani. Katika ukuta ule kuna kidirisha, kimo cha kifua, ambacho mwenye nyumba alikiacha tangu vyumba vyetu vilipokuwa duka moja. Hicho ndicho kilichotuunganisha.

Nilikuwa nimekwenda kwake kupimwa kwa sababu uzi ulikuwa unakataa kuingia kwenye sindano. Alinikalisha, akapunguza mwanga, akanitazama jicho la kulia, kisha la kushoto, polepole, bila neno. Tangu marehemu mume wangu aondoke ilikuwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyenitazama kwa karibu vile. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa. Aliponivisha miwani ya majaribio hakunipa ile kadi ya herufi kubwa na ndogo. Alinisogezea gazeti lake, limefunguliwa penye chemshabongo ile ya miraba ya kujaza maneno, akaniambia nisome mstari mdogo kuliko yote.

Nikasoma, "Mlalo, tatu. Mtoto wa ng'ombe." Na kabla sijajizuia nikasema, "Ndama."

"Macho yatapona," akasema. "Kichwa hakijawahi kuumwa."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikicheka peke yangu, na nikakosea kushona mfuko wa mtu.

Kesho yake gazeti likapita kidirishani. Ndivyo tulivyoanza. Yeye alinunua gazeti asubuhi akanipitishia. Mimi nilijaza maneno ya mlalo kabla ya saa sita, kisha nikamrudishia naye akajaza ya wima. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba hakuna kusoma vidokezo vya mwenzako. Jioni, kabla ya kufunga, alinionyesha miraba ikiwa imejaa yote, hakuna hata mmoja mweupe, halafu mimi nikaukata ukurasa nikautundika kwenye msumari juu ya cherehani. Mimi niliyeishia shule ya msingi nilikuwa namaliza chemshabongo ya gazeti kila siku ya kazi. Watu wa mtaani hawakujua, lakini mgongo wangu ulijua, maana ulianza kunyooka.

Jambo moja tu nililiona na kuliacha. Kila gazeti lilinifikia na tundu. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili, chini ya chemshabongo ya leo, ndipo wanapochapa majibu ya jana, na pale palikuwa pamekatwa kwa wembe, mraba safi. Nilimuuliza mara moja. Akasema anayahifadhi. Sikurudia, kwa sababu mtu mzima ana vitu vyake.

Wiki saba kabla ya Alhamisi ninayoisema, aliinama kidirishani akasema, "Mama Pindo, mimi ni mtu mzima, sina maneno marefu. Nataka huu ukuta uondoke."

Nikamwambia ukuta ni wa mwenye nyumba.

"Basi tuanze na ule usio wa mwenye nyumba," akasema, na nilipomtazama niliona masikio yake yamebadilika rangi, mwanamume wa miaka hamsini na tatu.

Sikumjibu siku hiyo. Niliomba juma zima. Kisha nikamwambia moyo wangu uko radhi, ila nina watu. Nilipofiwa, mdogo wa marehemu, mtunza ghala wa hospitali, ndiye aliyesimama nami na mtoto wangu, na siwezi kumruka. Shemeji alipoambiwa alisema atakuja kumwona huyo mtu Jumapili ya mwisho ya mwezi uliofuata, saa kumi. Fundi naye alikuwa na lake. Mwanawe aliyehamia mji mwingine alikuwa amefungua duka kubwa la miwani na alimtaka baba yake aende wafanye kazi pamoja. Fundi alimwambia atamjibu baada ya Jumapili hiyo.

"Ndugu zako wakinikataa, nitakwenda," aliniambia. "Sitaweza kukaa upande wa pili wa mbao nikikusikia unakohoa."

Aliyekuwa mgumu kuliko shemeji ni binti yangu. Ni mmoja tu niliyejaliwa, ni muuguzi, na ana mdomo wa baba yake. Aliniuliza jikoni, bila kugeuka, "Mama, mtu aliyesoma kiasi kile anatafuta nini kwako?" Aliomba msamaha palepale. Lakini neno likishatoka halina njia ya kurudi, na lile lilinikalia kifuani kama mwiba wa samaki.

Basi, Alhamisi. Fundi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuchukua vioo vyake, na muuza magazeti alipokuta mlango umefungwa akaniachia mimi gazeti. Binti yangu alikuwa na siku ya mapumziko, ameketi dukani ananisaidia kushona vifungo. Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili. Ulikuwa mzima. Majibu ya jana yalikuwa pale, yamejaa, meusi, yananitazama.

Nilifurahi kwanza. Nikaushusha ukurasa wa jana kutoka kwenye msumari ili nione tulivyopatia. Mlalo, saba: sayari iliyo karibu zaidi na jua. Mimi nilikuwa nimeandika ZUHURA, tena kwa kukandamiza kalamu, kwa kuwa niliikumbuka shuleni. Gazeti lilisema ZEBAKI.

Sawa, kukosea kupo. Lakini macho yangu yakateremka. Mahali ambapo gazeti lilikuwa na herufi B, mimi nilikuwa nimeweka H, na chini yake kulikuwa na neno la Fundi la wima. Gazeti lilisema BIRIKA. Fundi alikuwa ameandika HIRIKA. Miraba miwili mbele, gazeti lilisema KABATI na Fundi alikuwa ameandika RABATI.

Nilikuwa nimeyaona maneno hayo jana yake jioni. Nilijiambia ni Kiswahili cha waliosoma, nikaona aibu kuuliza.

Binti aliweka vifungo chini. Akashusha kurasa nyingine, akaanza kusoma vidokezo vya wima, vile ambavyo mimi kwa uaminifu wangu sikuwahi kuvisoma. Akasoma kwa sauti, "Mdudu atengenezaye asali," akaangalia alichoandika Fundi, akasema, "Nyupi." Akacheka. Akashusha mwingine, akacheka kidogo zaidi. Kwenye ukurasa wa nne hakuwa anacheka tena.

"Mama, mtoto wa chekechea anajua nyuki," akasema. "Huyu anajua. Wewe ukikosea, yeye analipinda neno lake lilingane na kosa lako, halafu kesho anakata majibu usione. Amekuwa akikuachia ushinde, kama mtoto mdogo anayecheza na baba yake."

Nikamwambia ashone vifungo.

"Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Mama."

"Nimesikia. Shona."

Alipokwenda kununua uzi nilifunga mlango nikapiga magoti kati ya meza na cherehani. Sikumwombea Fundi. Nilimwomba Mungu aushike mdomo wangu mpaka kesho, kwa sababu ulikuwa umejaa. Maana kilichoniuma si sayari. Kuna watu nimewahudumia miaka ishirini ambao wananisemesha polepole, kwa maneno mafupi, wakidhani asiyesoma sana hasikii vizuri. Nilikuwa nimempenda Fundi kwa kuwa hakunisemesha polepole. Kumbe alikuwa ananiandikia polepole.

Ijumaa asubuhi gazeti lilipita kidirishani, na tundu lake. Nililirudisha bila kulifungua. Nikatoka nje, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wake nikiwa na kurasa nne mkononi.

Alikuwa amesimama kwenye mashine anasaga kioo. Nilizitandaza kurasa mezani, juu ya fremu zake, nikauliza, "Fundi, nyupi ni mdudu gani?"

Alizima mashine. Ilizunguka, ikazunguka, ikanyamaza. Akazitazama zile kurasa kwa muda, akavua miwani yake. Bila miwani uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Binti yako ameona," akasema.

"Nimeona mimi. Macho si ulinipimia mwenyewe?"

Nilitegemea ajitetee. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila utetezi, nilikesha nayo. Hakujitetea. Alivuta kile kiti cha wagonjwa wa macho akaniashiria nikae. Sikukaa, akakikalia yeye, na akaanza kunieleza habari za marehemu mke wake, ambaye kwa muda wote tuliofahamiana alikuwa hajamtaja zaidi ya kusema alikuwepo.

Alisema mkewe alikuwa msemaji sana walipooana, mwenye hadithi za kuchekesha watu. Na yeye Fundi tangu ujana kazi yake ni kuona kilichopinda. Mkewe akisema ilikuwa Jumanne, yeye anasema Jumatano. Akisema walikuwa watu saba, yeye anasema sita. Hakuwa na ubaya, aliona anasaidia. Siku moja mbele ya kaka zake mke alianza hadithi, akafika katikati, akamgeukia mumewe akamtazama, halafu akasema, "Basi, haina maana," akainuka kwenda kutoa vyombo.

"Sikujua kuwa ndiyo mwisho," Fundi akasema. "Tuliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, tukiambiana mlango umefungwa, maji yamejaa. Alipoanza kuumwa alinificha miezi miwili. Dada yake alimuuliza kwa nini hukumwambia mumeo. Akajibu, 'Nikimwambia panauma hapa, atasema si hapo.'"

Mtaani mtu alikuwa anapiga honi. Fundi alisubiri mpaka iishe.

"Wewe siku ya kwanza ulisema ndama ukacheka. Wiki ya pili ukakosea neno moja. Nilishika kalamu nisahihishe, mkono ukakataa. Nikaona kidirisha kitafungwa. Nikaandika upuuzi ili miraba yako ikae vizuri, na kesho yake nikachukua wembe."

Nilimhurumia. Sitasema uongo, nilimhurumia, na kama mtu angeniambia nimshike bega ningemshika. Lakini sikuwa nimemaliza.

"Pole, Fundi. Pole kweli. Lakini mimi si yeye," nikasema. "Mimi shule niliacha kwa kuwa hapakuwa na wa kunisomesha. Mwaka mzima na zaidi jibu lilikuwa mkononi mwako, lilikuwa linakuja kila asubuhi, na wewe ukanikatia kwa wembe."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini aliyekaa gizani ni mimi."

Akauliza kwa sauti ya chini kama Jumapili aje au asije. Nikamwambia sijui, nikipata jibu nitamwambia. Nilipogeuka kuondoka alifungua kabati la chini akanipa kopo la biskuti. Majibu yote yalikuwa humo, mraba mmoja mmoja, na nyuma ya kila mmoja ameandika tarehe kwa penseli. Kwa hiyo kuhifadhi alihifadhi kweli. Hapo tu hakuniongopea.

Jioni hiyo nyumbani nilimwaga kopo mezani baada ya kula, kando ya kurasa zote nilizozitoa msumarini, nikavaa miwani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza na ukurasa wa zamani kuliko wote. Binti alipita mara mbili akijifanya anatafuta chaja. Mara ya tatu akavuta kiti. Yeye akawa ananisomea jibu, mimi nasahihisha. Nilijifunza kwamba mji mkuu wa nchi fulani ulihama zamani, kwamba buibui si mdudu, kwamba kuna mfupa katika sikio mdogo kuliko yote mwilini. Huo wa mfupa binti alinieleza vizuri sana, akinichorea sikio pembeni mwa gazeti. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulikaa vile.

"Mengi ulipata, Mama," akasema wakati wa kulala.

"Ambayo sikupata ndiyo ninayoyataka," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi akaja mteja wangu wa siku nyingi, mke wa mpiga picha, kupimwa gauni. Alikuwa ameongezeka. Aliinua mikono, akafumba macho kama afanyavyo siku zote, akauliza, "Mama Pindo, nimebadilika?"

Nikamzungushia futi kiunoni. "Uko vilevile," nikasema. Na kwenye daftari nikaandika inchi tatu zaidi.

Nimefanya hivyo miaka ishirini. Mteja anatoka amefurahi, gauni linamkaa, anasema hakuna fundi kama Mama Pindo, na mimi sijawahi kuliita jambo hilo uongo. Mke wa mpiga picha alipotoka, nilimkuta binti yangu ameacha kukunja vitambaa, ananitazama.

"Mama," akasema, "na huyo naye umemkatia wembe?"

Nilifungua mdomo nimwambie si sawa. Nilitaka kusema kwamba mama yule aliwahi kuambiwa ukweli na fundi mwingine mbele ya watu, akalia, akaacha nguo zake huko hata hakuzifuata. Kwamba mimi nampenda, na sitaki aache kuja. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini, na niliyatambua. Nilikuwa nimeyasikia jana yake, kwenye chumba cha pili, kutoka kwa mwanamume asiye na miwani usoni.

Nikaketi kwenye kiti cha cherehani. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba nimesikia, asirudie.

Hasira yangu ilipungua nusu. Nusu iliyobaki niliona nina haki nayo, nikaibeba mpaka kwenye mlango wa Fundi jioni alipokuwa anafagia.

"Kesho saa kumi uje," nikamwambia. "Na usije na zawadi. Njoo na mdomo wako. Nikikosea, sema."

Alisimamisha ufagio. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa anyanyue tena jiwe lililowahi kumwangukia mguuni.

"Na nikizidisha?"

"Mimi nitakuambia umezidisha. Mimi sitanyamaza miaka kumi na moja, Fundi. Hata siku kumi na moja siziwezi, muulize yeyote."

Hakucheka, lakini macho yake yalilowa, akarudia kufagia pale alipokwisha kufagia.

Jumapili shemeji alifika nyumbani kwangu saa kumi kasorobo, amevaa koti. Ana mwili mkubwa na huketi kama anayekipima kiti kwanza. Fundi alifika saa kumi kamili, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Binti aliweka chai akaketi karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini, uso wa zamu ya wodini.

Shemeji hakuzunguka. Alimuuliza Fundi kuhusu afya yake, watoto wake, ibada, kama anakunywa, kama ana mtu mwingine popote. Fundi alijibu moja moja. Kisha shemeji akanigeukia mimi.

"Na wewe shemeji, mtu huyu umemjua kwa muda gani? Mmewahi kukosana? Nataka kusikia kwako."

Nilijua anachotaka kusikia. Nilitaka mambo yapite vizuri, nilitaka sana. Nikajibu kwa utulivu wangu wote, "Miaka miwili sasa, shemeji. Na muda wote huo hatujawahi kukwaruzana hata siku moja."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono kuchukua chai.

Fundi alikuwa anatazama kikombe chake. Akakiweka mezani.

"Samahani," akasema. "Si hivyo."

Alinitazama mimi, si shemeji, na katika macho yake niliona mtu anayesubiri nikusanye vyombo niondoke.

"Ni mwaka mmoja na miezi saba," akasema. "Na juzi Ijumaa tulikosana. Kosa lilikuwa langu."

Shemeji alirudisha mkono wake polepole. Alinigeukia akasema, bila kupaza sauti, kwamba huyu mtu hata mke hajapewa, na tayari amenipinga mbele ya shemeji yangu, ndani ya nyumba yangu. Akaniuliza nasemaje.

Kama kungekuwa na siku ya kuvunjika uso ilikuwa ile. Nilingoja uso uvunjike. Haukuvunjika. Nilichosikia kifuani ni wepesi, kama pale unapofungua mshono uliokaza nguo na kitambaa kinakaa mahali pake.

"Amesema kweli, shemeji," nikajibu. "Mwaka mmoja na miezi saba. Nilikosea. Na Ijumaa nilimwendea kwa hasira dukani kwake. Sikutaka ujue."

"Kwa nini hukutaka nijue?"

"Niliogopa ungemkataa."

Shemeji akataka aelezwe kosa lenyewe. Fundi akaeleza yote, sayari, birika, wembe, na habari za marehemu mkewe pia, ambazo hakuombwa. Alipofika penye nyupi, binti yangu alitazama sakafu na bega likamtikisika. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo.

"Marehemu kaka yangu," akasema hatimaye, "alikuwa anamwambia shemeji kila kitu ni sawa. Chumvi ikizidi, sawa. Paa likivuja, sawa. Alikuwa mtu mwema kuliko sisi sote, na alipofariki ndipo shemeji akajua mambo matano ambayo hayakuwa sawa." Akanitazama. "Nadanganya?"

"Hudanganyi."

"Mimi nilikuja hapa kutafuta sababu ya kukataa. Mtu aliyekaa mbele yangu akitoka jasho, akaniharibia jibu zuri nililokuwa nimeshapewa, huyo angalau najua nikimuuliza shemeji yangu anaendeleaje, nitaambiwa." Akamgeukia binti. "Wewe ndiye mwenye mama. Useme leo, usije ukasema kesho."

Binti alimtazama Fundi moja kwa moja.

"Na ikiwa mama ndiye amepatia, wewe ndiye umekosea?"

"Mara nyingi itakuwa hivyo," Fundi akasema. "Nimeziona kurasa. Vidokezo vya mlalo vilikuwa vigumu kuliko vyangu, na upande rahisi niliuchagua mimi."

Hilo hata mimi nilikuwa silijui. Nilimgeukia, naye akainamisha kichwa. Binti yangu akaniangalia, akamwangalia, na kile alichokuwa amekishikilia mabegani tangu wiki sita zilizopita nikakiona kinamshuka.

"Mimi sina neno, baba mdogo," akasema. Akachukua birika akamwongezea Fundi chai kabla ya kumwongezea mtu mwingine yeyote.

Shemeji akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatangaza kwa sauti ya ghalani kwamba basi, ndugu wote wakutane hapahapa Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi ujao, tumalize jambo hili kwa heshima.

Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumapili. Mimi nilijua, na nilimwona Fundi naye amejua. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Akanitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kumkataza, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine angedhani nafukuza nzi.

Akafunga mdomo, akanyanyua kikombe, akanywa chai yake yote bila kuvuta pumzi, macho yakicheka juu ya ukingo. Na mimi, mbele ya shemeji yangu na binti yangu, sikuyakwepa.